Sahani Nyeupe na Fundo la Pili

Kila asubuhi, baada ya sala na kabla ya chai, Kimya alitungua sahani kutoka kwenye msumari wa ukutani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, ya kawaida kabisa, ila ilitobolewa matundu matatu pembeni, ikafungwa kamba, na chini yake ikaning'inizwa jiwe ili izame. Kamba ilikuwa na mafundo manane. Kati ya fundo na fundo palikuwa na shubiri moja kamili ya Shangazi, na Shangazi hakuwa mtu wa kukosea kipimo. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi: cherehani moja dirishani, meza ya kukatia, vitambaa vilivyokunjwa rafuni, na vipande vya nyuzi vilivyonasa kwenye kila kitu, hata kwenye mkate.

Kimya alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, ambaye ni kaka wa Shangazi, alifanya kazi ya ujenzi mbali, yeye na mkewe, na mtoto aliachwa kwa Shangazi ili asihamehame shule. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini hakuna aliyelitumia ila mwalimu. Mtaani walimwita Kimya kwa sababu aliweza kukaa tangu maji yanapoinjikwa mpaka yanapochemka bila kusema neno, macho wazi, lakini mwenyewe hayupo. Hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mtu wa kuota mchana.

Shangazi hakumkaripia kwa hilo. Alipomkuta ameduwaa na kijiko mkononi, alimuuliza tu, "Umefika wapi leo?" Naye Kimya alitabasamu, akarudi.

Asubuhi hizo alitoka na sahani kwapani na daftari mkononi, akashuka kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba mpaka daraja la mbao. Hapo kijito kilichotoka vilimani kilijikusanya katika dimbwi refu kabla ya kuingia horini, ule mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu. Saa hiyo ukungu ulikuwa bado haujapanda. Nusu ya daraja ilionekana, nusu nyingine ilikuwa imemezwa na weupe, na mtu aliyesimama katikati aliweza kudhani kwamba upande wa pili haujaumbwa bado.

Kimya alilala kifudifudi kwenye mbao zenye umande, akateremsha sahani taratibu. Ilizama ikijigeuza kidogo kidogo. Ilikuwa nyeupe, kisha ya kijani, kisha kama mwezi nyuma ya wingu, kisha haipo. Pale ilipopotea, alihesabu mafundo yaliyoingia majini, akaandika namba. Kazi yote ilikuwa hiyo.

Kazi yenyewe ilitokana na ruzuku. Miaka ya nyuma, kabla Kimya hajazaliwa, mikoko ya horini ilikatwa, na vilima vya juu vikalimwa mpaka ukingoni mwa kijito. Kila mvua ilileta udongo, na maji ya hori yakawa na rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Samaki wadogo waliojificha kwenye mizizi ya mikoko wakaondoka, kaa nao wakawafuata. Kisha serikali ikatangaza ruzuku kwa vikundi vitakavyokubali kuyaponya maji ya pwani pamoja na vijito vinavyoyalisha. Ruzuku ni fedha isiyorudishwa, lakini ina masharti yake. Kikundi cha akina mama ishirini na wawili kiliomba, kikapata, na Shangazi akachaguliwa mwenyekiti.

Sehemu ya kwanza ilitosha miche mia nane ya mikoko kwa ukingo wa chini, na mafundi waliopanda juu kijitoni kujenga vizuizi vitatu vya nguzo na matawi yaliyosukwa, ili tope linase huko huko na maji peke yake yashuke. Mafundi walijenga vilimani wakati akina mama wako horini, matope magotini, wakipanda. Kila mmoja alikuwa na mstari wake. Kimya alipewa mstari mfupi wa miche kumi na miwili, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Sehemu ya pili, ya ukingo wa ng'ambo, ingekuja baada ya miezi minne, ofisa wa serikali akisharidhika na miche na daftari la vipimo.

Ofisa huyo alikuwa mwanamume mrefu mwenye buti za mpira, safi alipokuja, chafu alipoondoka. Akina mama walimwita Bwana Ruzuku, kwa kuwa hakuweza kusema sentensi tatu bila neno hilo kuwamo. Yeye ndiye aliyemfundisha Kimya kupima, akamwambia aandike kile anachokiona, asizidishe wala asipunguze. Siku ya kwanza sahani ilipotea kwenye fundo la nne. Baada ya wiki sita ilipotea kwenye la tano.

Jumamosi ya wiki hiyo, kwenye mkutano wa kikundi, Shangazi alisoma namba kwa sauti na akina mama wakapiga makofi. Mama Birika, aliyekuwa na kazi ya kuwapikia wenzake chai, alimmiminia Kimya kikombe cha kwanza kabla hata ya wakubwa. Kisha, kama kawaida yake, akazisifu kuni zake. Kavu, alisema, zimenyooka, zina urefu mmoja, kama zilizokatwa na malaika. Walipomuuliza anazipata wapi, alifunga mdomo. Alisema mwenye siri ya kuni akimwambia jirani, kesho yake anapikia magazeti.

Wiki hiyo alikuja mteja wa Shangazi, mama mmoja mnene mwenye duka la vyombo, ashonewe gauni la harusi ya mdogo wake. Shangazi alipomzungushia tepu kiunoni, mteja alivuta tumbo ndani mpaka uso ukabadilika rangi.

"Shusha pumzi, dada," Shangazi alimwambia. "Napima mwili, sipimi matumaini."

Mteja akaapa kwamba anapumua kama siku zote. Shangazi alimwambia tena, mteja akaapa tena. Basi Shangazi akaandika kile tepu ilichosema. Kimya, aliyekuwa sakafuni akiokota pini kwa sumaku, alicheka ndani kwa ndani, kisha akasahau.

Aliyasahau mengi siku zile, kwa kuwa moyo wake ulikuwa darajani. Makofi ya Jumamosi yalimwingia kama maji ya moto siku ya baridi. Alianza kuliona hori jinsi litakavyokuwa: maji meupe mpaka chini, mikoko mirefu imeinamiana, samaki wadogo wanageuka wote kwa pamoja kama watoto waliosikia kengele. Alilala akiliona, akaamka akiliona.

Mwezi wa tatu tangu aanze kupima, mvua zikaanza. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua, Kimya aliteremsha sahani kama kawaida. Maji yalikuwa mazito. Kwenye fundo la nne sahani ilififia. Lakini yeye aliendelea kuiona. Alijua iko pale, mviringo, nyeupe, na jicho linalojua kitu halikubali upesi kwamba hakipo. Akaachia fundo la tano. Bado iko, alijiambia. Akaachia la sita. Aliandika sita.

Je, alisema uongo siku hiyo? Hata yeye hakujua. Pengine siku hiyo ilikuwa ndoto tu.

Siku ya tatu mvua ilimkuta uchochoroni, akarudi mbio na kujibanza chini ya upenu wa nyumba. Hakufika darajani kabisa. Aliandika sita kwa sababu jana ilikuwa sita. Jumamosi Shangazi alisoma, makofi yakapigwa, na chai ikamiminwa. Wiki iliyofuata aliandika saba. Uongo wa kwanza hubisha hodi. Wa pili huingia, ukajikalia. Mvua ilipopungua alianza tena kwenda darajani, lakini sahani aliiweka kando. Alikaa akiutazama ukungu, akaliona lile hori lake la ndotoni, na namba ya huko ndiyo aliyoiandika. Majini hakutazama. Ukimuuliza kwa nini, angesema hajui, lakini alijua.

Asubuhi, wakati wa sala, maneno yalianza kumkwama. Shangazi alikuwa amemfundisha tangu mdogo kwamba Mwenyezi Mungu huona mpaka chini ya dimbwi bila kuhitaji sahani. Kimya alisema amina haraka, akainuka.

Aliyemwamsha alikuwa Redio. Redio ni msichana aliyekaa naye dawati moja, na aliitwa hivyo kwa sababu ukimfungulia asubuhi, anazima jioni. Jumatano moja, mwalimu alipogeuka ubaoni, Redio alimnong'oneza kwamba jana amepita horini na dada yake.

"Miche yenu inaumwa," alisema. "Majani yamefunikwa tope kama yamepakwa uji. Mingine imezama mpaka shingoni. Nyie si mnasema maji yamekuwa meupe?"

Kimya hakujibu. Redio hakushangaa, maana ndiyo desturi ya Kimya. Akaendelea na habari nyingine.

Jioni ile Kimya alienda peke yake mpaka ukingo wa chini. Maji yalikuwa yametoka, na tope lililobaki lilikuwa jipya, laini, la rangi ya vilimani. Mstari wake ulikuwa wa mwisho. Alihesabu miche kumi na miwili, akaona tisa. Mitatu ilikuwa imefunikwa kabisa. Alipiga magoti akaifukua kwa vidole, akaisuuza jani moja moja kwa maji ya mkononi, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Kabla hajafika kwenye mche wa nne, giza lilianza kuingia, akaondoka.

Alhamisi baada ya shule alirudi mbio. Majani yote aliyoyasafisha yalikuwa yamefunikwa tena. Mche mmoja ulikuwa umelala.

Hapo Kimya alielewa. Tope lilikuwa linashuka kila siku, kwa hiyo huko juu kuna kitu kimeharibika. Kama daftari lingesema tatu, mbili, akina mama wangepanda siku ileile kutazama. Lakini daftari lilisema sita, saba, saba, na akina mama walikuwa wamelala usingizi mzuri aliowatandikia yeye. Siku zilikuwa kumi na tisa. Zikiongezeka nyingine chache, miche mia nane ingekuwa udongo. Na kesho yake, Ijumaa, Bwana Ruzuku alikuwa anakuja kutazama daftari.

Akisema, ruzuku huenda ikafutwa mbele ya akina mama wote ishirini na wawili. Akinyamaza, ofisa atasoma saba, atafurahi, ataondoka, na miche itakufa.

Alipofika nyumbani alikuta sauti juu. Yule mama mwenye duka la vyombo alikuwa amerudi na gauni lake ndani ya mfuko. Lilikuwa limepasuka ubavuni, tangu kwapani mpaka nyongani, katikati ya harusi, wakati anainuka kupiga picha na maharusi. Alisema gauni limemuaibisha mbele ya wakwe.

Shangazi aliligeuza gauni ndani nje, akaukagua mshono taratibu. "Uzi haukukatika, dada. Kitambaa ndicho kilichoshindwa. Nguo haina huruma. Imeshonwa kwa kipimo ulichonipa. Ulinipa kiuno cha mtu mwingine."

Mteja akaanza kucheka mwenyewe, mpaka akakaa kwenye kiti cha wageni na kujipepea kwa tepu. Shangazi alimpima upya. Safari hii alipumua.

Kimya alikuwa amesimama mlangoni, matope yamemkaukia magotini. Mteja alipoondoka, Shangazi alirudi kwenye cherehani akakanyaga. Alikuwa akimalizia kitambaa cha kichwa cha mwisho kati ya vile ishirini na viwili vya rangi ya majani, ambavyo kikundi kingevaa kesho.

"Shangazi," Kimya alisema, "daftari ni la uongo."

Mguu wa Shangazi ulisimama. Gurudumu lilizunguka kidogo peke yake, likanyamaza.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza. Siku kumi na tisa. Na miche inakufa, nimeiona."

Shangazi alikata uzi, akakunja kitambaa, akakiweka juu ya vingine na kuvisawazisha kingo. Kisha akainuka, akatungua sahani, akampa. Walishuka uchochoroni. Darajani mwanga wa jioni ulikuwa bado upo, na Shangazi, gauni lake la kazini limejaa nyuzi, alilala kifudifudi kwenye mbao kando ya mtoto, kichwa kwa kichwa. Kimya aliteremsha sahani. Fundo la kwanza. Sahani ilikuwa tayari ya kahawia. Fundo la pili. Haikuwapo.

"Mbili," Kimya alisema.

"Mbili," Shangazi alisema. Walibaki wamelala pale, wakiyatazama maji yaliyoimeza sahani. Kisha Shangazi alimwambia kwamba hatampiga wala hatamfichia. Kesho, mbele ya watu wote, atalisoma daftari mwenyewe.

Usiku ule Kimya hakuota kitu.

Ijumaa akina mama walikusanyika kwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba, vitambaa vya rangi ya majani vichwani. Mama Birika alikuwa ameinjika chai, moto unalia vizuri. Bwana Ruzuku alifika na buti safi. Alianza kueleza jinsi ofisi ya ruzuku inavyofurahi kuona ruzuku ikitumika kama ruzuku, na akina mama wawili wa nyuma wakaanza kulihesabu neno hilo kwa vidole. Shangazi akamwomba radhi, akamwita Kimya.

Kimya alisimama. Akalishika daftari kwa mikono miwili. Alisoma nne, nne, nne, mpaka akafika tano. Makofi yakaanza. Akasubiri yaishe.

"Kuanzia hapa sikupima," alisema. "Niliandika nilichotaka kuona. Jana tulipima na Shangazi. Ni mbili."

Minong'ono ikaanza. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba mtoto huyu amewavua nguo mbele ya mgeni, na kama ni kuungama angeungamia nyumbani. Mwingine akamtazama Shangazi kwa jicho la pembeni, kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyemchagua mpimaji. Shangazi hakuinamisha kichwa. Alisema lawama hiyo ni yake kweli, kwani yeye humwambia kila mteja ashushe pumzi, na kwa mtoto wake mwenyewe alipokea namba miezi yote bila kushika kamba hata mara moja. Mtoto amesema ugonjwa kabla mgonjwa hajafa, alisema, na hilo wasilitupe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wote wakamgeukia Bwana Ruzuku. Alikuwa amechukua daftari, akilisoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi. Aliuliza swali moja tu. "Tope linatoka wapi?"

Hakuna aliyejua. Basi wakapanda kulifuata.

Msafara ulifuata kijito, vitambaa vya kijani vikionekana na kupotea kwenye ukungu uliokuwa bado umelala bondeni, kama majani yanayotembea. Mama Birika alikuja na birika lake, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kuliacha kwake. Kizuizi cha kwanza kilikuwa kizima, tope limenasa nyuma yake mpaka kiunoni. Cha pili kilikuwa kizima. Cha tatu, cha juu kabisa, kilikuwa mawe na nguzo chache tu. Maji yalipita katikati kama watu kwenye mlango usio na bawabu, yakibeba ukingo mzima wa udongo.

Bwana Ruzuku aliinama, akagusa matundu ardhini. "Hapa mafundi walisimamisha nguzo arobaini," alisema. "Naona tisa. Maji hayakuzivunja. Zimeng'olewa na mtu."

Akina mama walitazamana. Wengine walitaja wachungaji, wengine watoto. Nyuma yao, birika liliwekwa juu ya jiwe kwa sauti ndogo.

"Hizi nguzo," Mama Birika aliuliza, "zilikuwa kavu? Zimenyooka? Zina urefu mmoja?"

Bwana Ruzuku aliitikia kwa kichwa.

"Basi ni kuni zangu," alisema. Alikaa chini kwenye nyasi. Alieleza kwamba hakuwahi kufika huku siku za ujenzi. Alidhani ni miti iliyoletwa na maji ikajipanga. Kila Ijumaa alikuja akang'oa tatu au nne za chai ya Jumamosi. Tena alishukuru Mungu kwa kuni zile, kwa sauti. Kisha akamtazama Kimya. "Kama mtoto asingesema, ningenyamaza nikaenda nazo kaburini. Lakini nitamtazamaje sasa?"

Mama yule aliyelalamika uwanjani ndiye aliyeanza kucheka. Alisema ishirini na wawili hawa wamekunywa kizuizi chote cha tatu, tena na sukari. Wengine wakashindwa kujizuia, na mwishowe Mama Birika naye akacheka, machozi yakimtoka, hata haikujulikana ni ya nini.

Walifanya kazi mpaka jioni. Bwana Ruzuku alivua koti akachongoa nguzo, akina mama wakasuka matawi, na Kimya na Redio, aliyekuja baada ya shule kutoka, walibeba mawe. Redio alizungumza muda wote, na kwa mara ya kwanza Kimya alimjibu.

Kabla ya kuondoka, Bwana Ruzuku alitoa hukumu yake. Alisema ruzuku si zawadi ya maji meupe. Ililetwa kwa sababu maji ni machafu, kwa hiyo namba ndogo haiwezi kuifukuza. Inayoweza kuifukuza ni namba ya uongo. Siku kumi na tisa alizipiga mstari mwekundu, na sehemu ya pili ya fedha ikaahirishwa mpaka daftari lijaze siku sitini za kweli, kila moja na sahihi ya mtu mzima aliyeshuhudia. Kuhusu miche hakuwa na la kuahidi. Walipoihesabu wiki iliyofuata, mia mbili na kumi ilikuwa imekufa, mitano kati yake ya mstari wa Kimya.

Akina mama walijadiliana nani apime sasa. Kimya alidhani anajua jibu, akarudisha sahani kwenye msumari kabla hajaambiwa. Jioni Shangazi aliitungua, akamwita karibu na cherehani, akamshikisha kamba.

"Wamesema uendelee wewe, na mimi nitie sahihi," alimwambia. "Sikia, mwanangu. Ukimpa fundi kiuno cha mtu mwingine, atakushonea nguo ya mtu mwingine. Maji nayo ni hivyo hivyo. Ukiyaandikia afya ambayo hayana, hakuna atakayekuja kuyatibu. Kuota sikukatazi. Mimi mwenyewe huota nguo kabla sijashika mkasi, na nisipoiota haipendezi. Lakini nikishika tepu naacha kuota, mpaka niandike. Ndoto inakuonyesha unakokwenda. Kipimo kinakuonyesha uliposimama. Mwenye kusema kweli kuhusu mahali aliposimama, Mungu humfikisha."

Kimya alisema ndiyo. Shangazi akamtoa uzi nywelani.

Asubuhi za mbili zilikuwa nyingi. Mbili, mbili, mbili, na kila moja na sahihi ya Shangazi, iliyonyooka kama mshono. Jumamosi hakukuwa na makofi, na chai ya Mama Birika ilinuka moshi, kwa kuwa sasa alipikia vijiti vilivyopinda, vya kuokota njiani mbele ya macho ya watu.

Siku ya ishirini na tatu Kimya alilala kifudifudi darajani kama kawaida. Ukungu ulikuwa umelifunika hori lote, na ndani yake aliweza kuiona ile mikoko mirefu ikiinamiana na samaki wakigeuka pamoja. Aliitazama kidogo. Kisha akaiacha pale, akageuza macho majini, akateremsha sahani. Fundo la pili. Bado iko. Alifumba macho, akahesabu mpaka kumi, akafumbua, maana siku hizi hakuliamini jicho la kwanza. Bado iko, hafifu, kama mwezi wa asubuhi. Akaachia fundo la tatu, na hapo ikapotea. Alitamani la nne kwa moyo wote. Akaandika tatu. Shangazi, aliyekuwa kando yake, akayahesabu mafundo naye, kisha akatangulia nyumbani kutazama chai.

Aliporudi, maji ya chai yalikuwa yanachemka. Shangazi alimwona amesimama mlangoni, kamba inachuruzika, macho yako mbali.

"Umefika wapi leo?" aliuliza.

"Fundo la tatu, Shangazi," Kimya akasema, akampa kalamu.